Tiba ya mwanga

Tiba ya mwanga ni matibabu yanayotumia mwanga wa rangi na nguvu maalumu ili kubadili kemikali za mwili au kuamsha dawa. Katika hospitali za Afrika Mashariki hutumika hasa kutibu manjano ya watoto wachanga. Manjano haya si homa ya manjano, ambayo huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu.

Historia

Daktari Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward aligundua kuwa watoto aliowapeleka juani walipungukiwa manjano, ila pale ngozi ilipofunikwa rangi ilibaki. Richard Cremer na wenzake wakaunda taa ya tiba, na matokeo yakachapishwa mwaka 1958.

Inavyofanya kazi

Chembe nyekundu za damu zinapovunjika hutoa bilirubini, ambayo ini changa huchelewa kuiondoa. Mwanga wa buluu wa takribani nanomita 460 hadi 490 huigeuza umbo ikiwa ndani ya ngozi, ikatoka kwa nyongo na mkojo. Isipodhibitiwa huweza kuingia kwenye ubongo na kuua, au kumwachia mtoto uziwi na mtindio wa ubongo.

Wodini

Mtoto hubaki na nepi tu, macho yakiwa yamefunikwa, akalazwa chini ya taa. Hutolewa kunyonya, hupimwa joto, na damu yake hupimwa tena na tena. Taa huweza kuwaka vizuri machoni pa watu huku nguvu yake ya kutibu imeshuka, kwa hiyo ni lazima ipimwe kwa kifaa. Manjano yakizidi sana, mtoto hubadilishiwa damu.

Dawa zinazoamshwa na mwanga

Katika baadhi ya saratani na magonjwa ya macho, mgonjwa hupewa dawa isiyodhuru ikiwa gizani. Mwanga ukielekezwa penye ugonjwa, dawa huamka na, kwa msaada wa oksijeni, huua seli za pale pale.

Kutambua mapema

Kwa familia inayoishi Kisaka, mkoani Mara nchini Tanzania, taa ina faida ikiwa mtoto atafikishwa hospitali kwa wakati. Ngozi nyeusi huficha manjano. Mtazame mtoto kwenye mwanga wa mchana: bonyeza paji la uso taratibu, achia, kisha angalia rangi kabla damu haijarudi. Kagua pia weupe wa macho, viganja na nyayo. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo kuwa njano siku yoyote, ni dharura.

Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaopatikana sana maeneo ya malaria, wamo hatarini zaidi. Nguo zilizohifadhiwa na naftalini huweza kuvunja damu yao. Kumwotesha mtoto jua si mbadala wa taa: humuunguza na kumcheleweshea tiba. Utafiti wa Nigeria wa mwaka 2015 ulifanikiwa kutumia jua kwa sababu lilichujwa kwa turubai maalumu, chini ya uangalizi wa wauguzi. Mama anayeona dalili asingoje kliniki ya wiki ijayo. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku.