Chombo Kisicho na Msumari

Wengi tunasema Sultan Majid aliuanzisha mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Ni kweli, lakini majahazi nayo yana haki yao. Boriti za mikoko za nyumba nyingi za zamani zilitoka Rufiji, zikaletwa na majahazi kwa upepo wa kusi.

Kabla ya jahazi la misumari palikuwa na mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vilitajwa na mwandishi wa Kigiriki yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika karne ya 20 mtepe ukatoweka. Wa mfano uliundwa Unguja mwaka 2003, ukawekwa Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Pale Feri, Kivukoni, bado naona mashua na ngalawa zikituletea kitoweo. Fundi wake mara nyingi hana ramani ya karatasi. Vipimo vyote vimo kichwani. Akifa, vinazikwa naye. Vyuo vyetu vya ufundi viwaite mafundi hawa wafundishe, wangali hai.