Kuku wa Jirani Mbele ya Wazee

Methali yetu hudai kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Nadhani aliyeitunga hakuwahi kulala Gitega. Hapa jogoo huwika Nyamugari, akajibiwa kutoka Magarama, na kabla ya adhana na kengele ya kanisa mji mzima umekwisha kuamshwa bila idhini yake.

Leo nataka tuitazame historia kupitia jambo dogo hilo: kuku anayepiga kelele nyuma ya nyumba. Usicheke. Jambo hilo limewakalisha wazee chini ya miti, limetungiwa sheria bungeni, na mwaka uliopita nusura livunje ujirani wangu na mtu ninayemheshimu.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha. Sauti ya jogoo ni kuwika. Kifaranga hulia. Kuku jike anapotaka kutaga, au anapokwisha kutaga, hutetea, na kutokana na kitenzi hicho tunampata mtetea, yaani kuku jike ambaye bado hajaanza kutaga au ndio kwanza anaanza. Sasa angalia: kitenzi hichohicho, kutetea, ndicho tunachokitumia kwa mtu anayemsemea mwenzake mbele ya hakimu, naye huitwa mtetezi. Mizizi ya maneno hayo mawili waachie wanaisimu. Mimi nakuomba tu uyakumbuke yote mawili, maana katika kisa hiki yanakaribiana sana. Kwa Kirundi kuku ni inkoko na jogoo ni isake. Kuku na inkoko ni ndugu wa ukoo mmoja wa lugha za Kibantu, na huenda ndege mwenyewe ndiye aliyejitajia jina.

Ndege huyo si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na safari yake ya kufika kwetu ilipitia biashara na majahazi ya Bahari ya Hindi, pamoja na njia za kaskazini. Kwa hiyo msemo wa kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni una ukweli wa kihistoria kuliko tunavyodhani: sote tunafuga mgeni.

Zamani, kelele au uharibifu wa kuku uliamuliwaje nchini Burundi? Uliamuliwa kilimani. Kwetu kilima si mwinuko wa ardhi tu. Ni makazi na udugu, na ndicho kitengo cha chini cha utawala hadi leo. Kila kilima kilikuwa na Abashingantahe, wazee waliosimikwa hadharani baada ya kuchunguzwa mienendo yao kwa muda mrefu. Jina lao linatokana na intahe, fimbo ya haki, na kitenzi gushinga, yaani kusimika. Mzee aliigonga fimbo hiyo ardhini alipotoa uamuzi. Mlalamikaji alisema, mlalamikiwa akasema, mashahidi wakasikilizwa mbele ya watu wote, kisha wazee wakajitenga kushauriana na kurudi na neno moja. Mara nyingi pombe ya mtama au ya ndizi ilinywewa na pande zote mbili. Usiifikirie kuwa sherehe. Shabaha ilikuwa watu waliogombana wanywe pamoja huku wakitazamwa, ili kesho asiwepo wa kusema kwamba hawakupatana.

Utawala wa kikoloni haukuwaondoa wazee hao, ila uliwapunguzia uzito. Wajerumani walianzisha Gitega kuwa makao yao mwaka 1912, wakiiandika Kitega, na Kiswahili kikawa lugha ya askari, wafanyabiashara na karani. Wabelgiji waliowafuata walileta mahakama zenye madaftari na mihuri. Tangu hapo mgogoro wa kuku ulikuwa na milango miwili, na mwenye fedha au mwenye kujua kuandika aliweza kuchagua ule unaomfaa. Kwa maoni yangu hilo liliumiza kuliko kufutwa kwa wazee kungeumiza.

Baada ya uhuru hali yao ilipanda na kushuka. Sheria ya tarafa ya mwaka 2005 iliwataja Abashingantahe katika upatanishi wa kilimani. Marekebisho ya mwaka 2010 yakawaacha nje. Januari 2021 sheria nyingine ilirudisha baraza la watu mashuhuri wa kilima, safari hii wakichaguliwa kwa kura, na uchaguzi ukafanyika mwaka 2022. Je, mzee aliyepigiwa kura ni sawa na mzee aliyesimikwa? Wanafunzi wangu hubishana kuhusu swali hili hadi kengele inalia, nami sijawakataza.

Katikati ya hayo kuku naye alipata sheria yake. Tarehe 4 Oktoba 2018 ilitiwa saini sheria ya kufugia mifugo zizini na kupiga marufuku kuzurura kwa wanyama wa nyumbani, na kichwa chake kinawataja pia ndege wa kufugwa. Wafugaji walipewa miaka mitatu ya kujiandaa. Oktoba 2021 utekelezaji ukaanza. Sababu zake zinaeleweka: mazao kuliwa, miche kukanyagwa, samadi kupotea njiani badala ya kurutubisha shamba. Hata hivyo ona kilichotokea mjini. Kuku aliyekuwa akitawanya sauti yake mtaa mzima sasa hutetea mahali pamoja, kutwa, na mara nyingi mahali hapo ni ukuta wa jirani. Sheria iliifunga miguu. Sauti hupita juu ya ukuta.

Ajabu ni kwamba mwezi uleule wa Januari 2021, Ufaransa nayo ilipitisha sheria inayozitambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa nchi. Kabla yake, mwaka 2019, mahakama ya Rochefort ilikuwa imekataa malalamiko dhidi ya Maurice, jogoo wa kisiwa cha Oléron, aliyeshtakiwa na majirani waliokuja huko kupumzika. Huko mgeni alimshtaki mwenyeji. Hapa Gitega, tangu mji ulipotangazwa makao makuu ya kisiasa mwishoni mwa 2018, si rahisi tena kujua mgeni ni nani.

Sasa kisa changu. Nilikuwa na mitetea sita na jogoo mmoja. Jirani yangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Hulala mchana, saa ambazo kuku hutaga. Aliniambia mara ya kwanza kwa upole: “Mwalimu, kuku wako wananimaliza.” Nikamjibu kwamba wamefungiwa kama sheria inavyotaka. Jibu hilo lilikuwa sahihi na lilikuwa baya. Tulikaa majuma matatu bila kusalimiana, na watoto wetu, ambao husoma pamoja, wakaanza kupita njia tofauti.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alikuja bila kuitwa. Hakuleta fimbo wala karatasi. Aliomba kiti, akakiweka ndani ya ua wa jirani, chini ya dirisha la chumba chake, akakaa kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Kisha akanifuata: “Mwanangu, nimesikia. Hebu nawe ukakae pale.” Nilikaa. Sikumaliza hata nusu saa.

Hapo ndipo nilipojifunza nilichopaswa kukijua mapema. Kuku jike hahitaji jogoo ili atage. Jogoo anahitajika kwa mayai ya kuangua tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika kwa saa iliyo ndani ya mwili wake, hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, kwa hiyo kuziba madirisha ya banda hakumnyamazishi kabisa. Mitetea huhitaji viota vya kutosha, maana wakigombea kimoja kelele huzidi.

Nilihamishia banda upande wa jiko langu, nikaongeza viota viwili. Jirani hunitumia orodha ya zamu zake kila mwisho wa mwezi, nami humpelekea mayai, ingawa mwanzoni aliyakataa. Jogoo alisafiri kwa basi hadi Muyinga, kwa mama mkwe wangu, akiwa ndani ya kikapu na kamba mguuni. Dereva alilalamika njia nzima.