Hoteli ya Masindi: Kutoka Enzi ya Stima hadi Mafuta

Makambako ni mji uliokuzwa na njia. Barabara ya Zambia inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyozinduliwa mwaka 1976, ikaleta stesheni. Wasafiri hula, hulala, na alfajiri wameshaondoka. Masindi, magharibi mwa Uganda, ni mji wa aina hiyohiyo, ila njia iliyoukuza ilikuwa ya maji, na hoteli yake imeshavuka miaka 100.

Mamlaka ya reli ndiyo iliyoijenga, mwaka 1923, ingawa treni yenyewe haikufika Masindi. Abiria alishuka Namasagali, kaskazini mwa Jinja, akapanda stima kuvuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, kisha akachukua gari mpaka mjini. Hapo alilala. Kesho yake aliteremka bonde la ufa hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert, akapanda stima ya Kongo au ile ya Nimule, mpakani mwa Sudan. Bila kitanda cha Masindi, safari nzima ingekatika katikati.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alikwenda maeneo ya Butiaba kupiga filamu ya The African Queen, pamoja na waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hoteli inajivunia hadi leo kwamba iliwalaza. Kisa chenyewe kinatuhusu Watanzania: kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na meli ya kivita inayowindwa humo inaikumbusha Graf von Goetzen ya Kigoma, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba.

Mgeni aliyefika katika hali mbaya kuliko wote alikuwa mwandishi Ernest Hemingway. Januari 23, 1954, ndege ndogo aliyopanda na mkewe Mary iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, ikaanguka. Walilala porini kando ya Nile, kesho yake mashua ikawachukua hadi Butiaba. Huko wakapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kuruka. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa ili atoke. Wakapelekwa Masindi kwa gari, yeye akiwa ameumia vibaya. Wakati huo magazeti ya nje yalikuwa yameshatangaza kifo chake. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Kisha njia ikafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya Ziwa Albert yalipanda na kuigharikisha bandari ya Butiaba. Meli ya Robert Coryndon, fahari ya ziwa hilo, ilizama mwaka 1964, na inaumiza kusema kwamba mabaki yake yaliishia kuuzwa kama chuma chakavu. Hoteli ilinusurika kwa sababu moja kubwa: Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, iliyoanzishwa mwaka 1952, watalii wengi huiendea kwa kupitia Masindi.

Mafuta nayo yalikuwa yakisubiri jirani muda wote huo. Katika miaka ya 1920 mjiolojia E. J. Wayland aliandika juu ya mafuta yanayochuruzika ardhini kandokando ya Ziwa Albert, na mwaka 1938 kisima cha Waki kilichimbwa karibu na Butiaba. Hakikuzaa biashara. Ugunduzi wenye maana ulikuja mwaka 2006, mwaka uleule Buliisa, yenye sehemu kubwa ya visima vya mafuta, ilipomegwa kutoka Masindi na kuwa wilaya. Sasa wahandisi na wakandarasi wanapita njia waliyopita abiria wa stima, na bomba la kilomita 1,443 limepangwa kuyafikisha mafuta hayo Chongoleani, Tanga.

Nyanda za Juu Kusini tunalijua bomba tangu 1968, lile la TAZAMA lilipoanza kupeleka mafuta Ndola, Zambia. Nyumba za wageni za barabara hiyo zina daftari, picha na wazee waliowahudumia madereva na mafundi wa siku zile. Hakuna kinachozuia kazi ya kukusanya kumbukumbu hizo kuanza Makambako.