Rimoti Haina Mwenyewe: Historia Fupi ya Sekunde 20

Wasee, kwa kila kundi la chuo kuna mtu ambaye kazi yake ni kubonyeza. Mwenzake anaongea dakika ishirini, yeye amesimama kando ya laptopu akingoja kuambiwa "twende mbele." Mara nyingi huyo ndiye alikesha akitafuta data. Maksi watagawana, lakini sauti imesikika moja tu.

Sasa skiza historia.

Mwaka 1987, kampuni ndogo ya Marekani inayoitwa Forethought ilitoa PowerPoint, kazi ya Robert Gaskins na wenzake. Mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni nzima kwa dola milioni 14. Kabla ya hapo slaidi ilikuwa gharama: filamu, kuisafisha, projekta. Ukilipia kila picha lazima uchague. PowerPoint ikafanya slaidi ziwe bure, na cha bure hakina breki. Watu wakaanza kubandika insha ukutani na kuisoma neno kwa neno.

Si mchezo. Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha anga cha Columbia kilivunjika kikirudi duniani na wanaanga 7 wakafa. Kilichokiharibu ni kipande cha povu kilichogonga bawa wakati wa kuruka. Lakini tume ya uchunguzi iligusia slaidi pia: wasiwasi wa wahandisi ulikuwa umefukiwa chini kabisa, kwa maandishi madogo, chini ya kichwa cha kutuliza roho.

Mwezi huohuo, Tokyo, wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, walikuwa na shida nyingine. Walitaka vijana waonyeshe kazi zao, na walijua msanifu akishika maiki haachi. Wakaweka sheria: slaidi 20, sekunde 20 kila moja, zinabadilika zenyewe. Dakika 6 na sekunde 40, umemaliza. Wakaiita PechaKucha, yaani gumzo kwa Kijapani. Mwaka 2006, Seattle ikaanzisha Ignite: slaidi 20, sekunde 15 kila moja.

Watu husifu huo mtindo kwa sababu ni mfupi. Mimi naupendea kitu kingine: hakuna anayeshika rimoti. Kazi ya kubonyeza imekufa, kwa hivyo wote wawili mna nafasi ya kuongea.

Kabla niache chuo nilifanya moja na deski wangu, jamaa mkimya sana. Tuligawana kumi kumi, tukipokezana. Kwa mdomo wangu, sekunde 20 ni kama maneno 40, kwa hivyo tuliandika, tukapima na saa ya simu, tukakata. Picha moja kwa slaidi, maandishi karibu sufuri. Wazo likihitaji sekunde 40, lipewe slaidi mbili. Slaidi ikikuacha nyuma, itupe hiyo sentensi, usiikimbize. Na tulifanya mazoezi tukiwa tumesimama, maana ukisoma umekaa kitandani unadanganyika.

Siku yenyewe, maswali mengi yalimwendea yeye. Kumbe darasa lilikuwa halijawahi kumsikia akimaliza hoja.

Kuna wanaosema sekunde 20 zinafanya mambo kuwa mepesi. Wana pointi. Huwezi kuthibitisha hesabu ngumu hivyo, na somo la Columbia ni kwamba jambo zito linataka ripoti kamili, iliyoandikwa. Basi iandikeni, muipeane kando. Saa haikatazi kufikiri. Inakataza mtu mmoja kumeza muda wa wote.

Kwa hivyo mkipewa kazi ya watu wawili, ombeni 20 kwa 20. Na kama wewe ndiye muongeaji, mwachie mwenzako slaidi ya mwisho. Hiyo ndiyo watu hutoka nayo.