Tabora 1958: Siku TANU ilipofika njia panda

Wadau, kila msimu wa uchaguzi vyama vyetu hushindana kupandisha mastaa jukwaani. Mwaka 2015 CCM ilikuwa na Diamond Platnumz kwenye kampeni zake. Watu wakajaa, wakacheza, wakarudi makwao. Huwa najiuliza: hivi staa akishika maikrofoni, anabadilisha mawazo ya nani?

Msidhani ni mambo mapya. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba hapa Dar kabla ya kuongoza kina mama wa TANU mwaka 1955. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, na wanawake kwa maelfu wakachukua kadi. Jina lake lilikijaza chama. Lakini kujaza chama ni kazi moja, kukizuia kisipasuke ni kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ya pili ilifanyika Tabora, Januari 1958. Mji wenyewe umezoea njia panda. Enzi za misafara, watu waliotoka Bagamoyo walipumzika Unyanyembe, kisha wengine wakashika njia ya Ujiji na wengine ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Safari hii njia panda ilikuwa ya TANU.

Kisa kilikuwa kura tatu. Mkoloni alitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Yaani Waafrika, ambao ndio karibu nchi nzima, wapate theluthi moja ya viti! Tena ili upige kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameamua: tususie.

Nyerere ndiye aliyekuwa staa wa mkutano, na Tabora ni kama kwao. Alisoma pale sekondari, akafundisha St. Mary's. Lakini umaarufu haukumsaidia. Waliompenda ndio waliompinga. Basi akaanza kwa kuwakubalia: ndiyo, kura tatu ni tope. Ila shamba liko ng'ambo ya tope hilo. Je, tubaki na miguu safi tulikose shamba? Tukisusia, UTP, chama kilichopendwa na Gavana Twining, kitaingia bungeni bila jasho.

Kura zikapigwa: 37 wakakubali, 23 wakakataa.

Hao 23 ndio wanaonivutia. Hawakuzomewa, walihesabiwa. Wengi wa waliotaka kususia walibaki chamani. Zuberi Mtemvu aliona msimamo umeuzwa, akatoka na kuanzisha African National Congress. Uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU ikashinda kwa kishindo, UTP ikazikwa. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere, akapata kura elfu 21 na ushei huku mwenzake akipata zaidi ya milioni 1.1.

Ndiyo maana siogopi mkutano wenye kelele. Naogopa ule unaopitisha kila kitu kwa makofi, muziki ukaanza, na aliyetaka kusema hapana akaenda kulisemea nje. Staa anaita watu. Kinachowabakiza ni kusikilizwa, hata wakishindwa.

Au nyie mnaonaje?