Nailoni: Kutoka Miguuni hadi Kwenye Injini

Tarehe 28 Februari 1935, katika maabara ya DuPont mjini Wilmington, Marekani, timu ya mkemia Wallace Carothers ilitengeneza polima iliyokuja kuitwa nailoni. Carothers aliacha kufundisha Harvard mwaka 1928 ili afanye utafiti, na hamu yake ilikuwa ya kinadharia: kuthibitisha hoja ya Mjerumani Hermann Staudinger kwamba polima ni minyororo mirefu ya atomu, si lundo la molekuli ndogo zilizoshikamana. Sonona ilimwandama kwa miaka mingi. Alijiua Aprili 1937, kabla hata mswaki mmoja wa nailoni haujauzwa.

Naam, bidhaa ya kwanza ilikuwa mswaki, mwaka 1938; nywele za nguruwe zikapata mpinzani. Soksi ndefu za kike zikaenea madukani kote Marekani Mei 1940 na kuibana hariri ya Japani. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, nailoni ikageuzwa miavuli ya askari wa angani, kamba na nyuzi za matairi ya ndege. Baada ya soksi kurudi madukani mwaka 1945, watu wapatao 40,000 walipanga foleni mjini Pittsburgh kugombea jozi 13,000.

Kwa maoni yangu, vurugu hizo za soksi zimepewa nafasi kubwa mno. Kazi nzito ya nailoni ilianzia kwenye mashine, na siri yake imo ndani ya mnyororo wenyewe: kila baada ya hatua chache kuna kundi la amidi linalovutana na lenzake kwenye mnyororo wa jirani kwa vifungo vya haidrojeni. Ndiyo maana nailoni ya DuPont, iitwayo 66, huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 265, na gia yake huzunguka kimya, hata kwa mafuta kidogo sana. Nailoni 6, aliyoivumbua Paul Schlack nchini Ujerumani mwaka 1938, huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi. Ikichanganywa na nyuzi za kioo, nailoni huwa ngumu kiasi cha kuchukua nafasi ya alumini. Feni na matangi ya pembeni ya rejeta za magari mengi leo ni nailoni ya aina hiyo.

Lakini amidi hizo hizo hupenda maji. Nailoni 66 iliyozama majini muda mrefu hunywa zaidi ya asilimia 8 ya uzito wake, ikavimba na kulegea. Bushi iliyochongwa ikiwa kavu, bila kuachiwa nafasi ya kutosha, huweza kuukaba mhimili. Wala ukavu kamili si neema, kwani nailoni isiyo na unyevu hata kidogo huvunjika upesi ikigongwa. Viwandani, chembechembe zake hukaushwa kabla ya kuyeyushwa, maana kwenye joto lile maji hukata minyororo.

Mbali na mashine, katika Ziwa Victoria nyavu za nailoni zilichukua nafasi ya zile za kitani, ambazo zilioza na kuhitaji kuanikwa mara kwa mara. Wavuvi walipata nafuu kubwa. Samaki hawakuipata: wavu uliopotea majini huendelea kunasa kwa muda mrefu, bila mtu wa kuutegua.