Mbarara 1982: tathmini ya usalama iliyozaa adui

Wakaazi wa leo wa makazi ya Nakivale, wengi wao Wakongomani, Warundi na Wasomali, wanaishi katika ardhi iliyoanza kupokea wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwezi wa Oktoba 1982 makazi hayo yalifurika watu ambao serikali ya Milton Obote iliwahesabu kuwa tishio.

Hofu hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Yoweri Museveni alipoanzisha vita vya msituni, tarehe 6 Februari 1981, miongoni mwa wapiganaji wake wachache wa mwanzo walikuwemo Wanyarwanda wawili, Fred Rwigyema na Paul Kagame. Kosa lilikuwa kuwapima maelfu kwa mizani ya wawili. Na mtu akishaamini hivyo, kila dalili humthibitishia: kijana akiondoka kijijini, amejiunga na waasi, akibaki kimya, anaficha jambo.

Taasisi nazo zilizidisha kosa. Katika wilaya ya Mbarara, macho na masikio ya serikali yalikuwa pia wakuu wa mitaa na vijana wa chama tawala cha UPC, na baadhi yao walitamani ng'ombe na mashamba ya hao hao waliowashuku. Shahidi wa namna hiyo hafai kuaminiwa hata katika kesi ya kuku. Juu yake, kwa miaka mingi wapinzani wa Museveni walimwita yeye mwenyewe Mnyarwanda; ofisa ambaye angeandika kwamba wafugaji wa Ankole si waasi angejitia mashakani.

Nyumba zilichomwa, mifugo ikaporwa. Inakadiriwa kuwa watu 40,000 walikimbilia Rwanda na wengine wapatao 35,000 wakasukumwa katika makazi ya zamani, Nakivale na Oruchinga yakiwemo. Kati yao walikuwemo raia halali wa Uganda. Rwanda ilipofunga mpaka mwezi Novemba, maelfu walikwama Merama Hill.

Vijana waliopoteza kila kitu sasa walikuwa na sababu ya kwenda msituni, na wengi walikwenda. Kampala ilipotekwa Januari 1986, Wanyarwanda katika jeshi la Museveni walikadiriwa kufikia 3,000. Tarehe 1 Oktoba 1990 baadhi yao, wakiongozwa na Rwigyema, walivuka mpaka wa Kagitumba na kuingia Rwanda wakiwa na silaha.